Rangi Isiyo Yako

Moja ya asili za bunduki ya kupulizia rangi ni tiba. Mwaka 1888, katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio nchini Marekani, daktari aliyeitwa Allen DeVilbiss alibuni kifaa cha kupulizia dawa kwenye koo la mgonjwa. Dawa ya kupaka huishia pale mkono unapoishia. Dawa iliyogeuzwa ukungu huingia hadi pembe ambazo jicho halizioni. Miaka michache baada ya karne ya 20 kuanza, mwanawe Thomas aliichukua kanuni hiyohiyo akaitia kwenye rangi, na kazi ambayo brashi iliifanya kwa siku nzima ikawa ya muda mfupi.

Sifa iliyomfaa daktari ndiyo inayotugombanisha na majirani leo. Ukungu haujui mpaka. Fundi anaelekeza bunduki kwenye mlango wa gari moja, lakini rangi nyingine haifiki mlangoni: inaupita, au inagonga bati na kurudi nyuma, upepo unaichukua na kwenda kuitua juu ya gari la mtu aliyekuja kuziba pancha tu. Bunduki za zamani, zenye mgandamizo mkubwa wa hewa, hupoteza zaidi ya nusu ya rangi kwa namna hiyo. Zile zinazopuliza hewa nyingi kwa mgandamizo mdogo, usiozidi pauni 10 kwa inchi ya mraba mdomoni mwa bunduki, zinasifiwa kwa sababu angalau asilimia 65 ya rangi hufika inakotakiwa. Hesabu hiyo igeuze uitazame upande wa pili. Hata kwa bunduki inayosifiwa, theluthi nzima ya rangi inaweza kwenda ambako hakuna aliyeiita.

Nimekuwa nikiifikiria sana theluthi hiyo.

Gerezani, Keko, Ilala, na katika viwanja vya kando ya barabara sehemu nyingi za Dar es Salaam, rangi hupulizwa chini ya mwembe au turubai, kompresa ikinguruma pembeni, magari yamebanana bampa kwa bampa. Chumba cha kupulizia rangi, chenye feni ya kunyonya hewa na vichujio vya kunasa ukungu, ni anasa ya wachache. Na tatizo haliko gereji peke yake. Mtu anapuliza geti lake jipya, mwingine anapaka rangi paa la mabati, kampuni inapendezesha ghorofa. Mashine kubwa za rangi za ujenzi husukuma rangi kwa nguvu inayofikia takriban mara 200 ya mgandamizo wa hewa tunayopumua, na kutoka juu ya jengo, siku ya upepo, matone husafiri mamia ya mita. Pwani hii ya kusi na kaskazi si mahali pa kuudharau upepo.

Njiani, tone hubadilika. Lile lililoanguka karibu hufika likiwa bado bichi. Hutandaa na kushika. Lile lililosafiri mbali hukauka hewani, likafika kama punje, likaketi juu ya rangi ya gari bila kuungana nayo sana. Ndiyo maana gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara mara nyingi linaokoka kwa urahisi, na lile lililokuwa hatua tatu kutoka kwa fundi linahitaji kazi kweli. Mwenye gari hajui lolote kati ya haya. Anachojua ni kwamba asubuhi alikuwa na gari jeusi linalong'aa, na jioni lina wingu la kijivu kwenye boneti. Au hajaona kitu kabisa, kwa sababu gari lake ni jeupe na ukuta uliopulizwa ni mweupe, mpaka siku anapolifuta na kitambaa kinakwama kila mahali.

Kinachofuata hapo ndicho huliharibu gari. Ukungu wenyewe, mara nyingi, haujaliharibu bado.

Nimeona stilwaya ya kusugulia sufuria ikipita juu ya boneti. Nimeona thina ikimwagwa kwenye tambara na tambara likizungushwa kwa hasira mpaka weusi wa gari ukahamia kwenye tambara. Nimesikia mtu akishauriwa kutumia Jiki, mwingine petroli, mwingine msasa mkavu. Ushauri wote huo unatolewa kwa moyo mweupe, barabarani, na watu wanaotaka kusaidia. Una kosa moja: unamtazama adui tu, haumtazami mwenyeji. Anayechambua mchele hatafuti mawe peke yake. Anataka pia mchele ubaki kwenye ungo.

Basi tumtazame mwenyeji. Rangi ya gari iliyotoka kiwandani si koti moja. Juu ya chuma kuna tabaka la kuzuia kutu: bodi nzima huzamishwa ndani ya birika la rangi na umeme huivuta rangi ishike kila kona. Juu yake kuna praima, kisha rangi yenyewe unayoiona, kisha klia, tabaka lisilo na rangi ambalo ndilo hubeba mng'ao na kupambana na jua. Tabaka la mwanzo huokwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 150 za Selsiasi au zaidi, na klia yenyewe huokwa karibu nyuzi 140. Unene wa vyote kwa pamoja ni kama mikroni 100 hadi 150, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia peke yake ina kama mikroni 40. Unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko hiyo. Huo ndio utajiri wote wa gari upande wa nje, na haujizalishi upya. Kila mkwaruzo unaoung'arisha kwa mashine unapunguza akiba hiyo. Anayepitisha stilwaya anatumia kwa dakika moja ulinzi uliokusudiwa kudumu miaka mingi.

Na hilo ni gari lenye rangi ya kiwandani. Magari yetu mengi yana historia ndefu zaidi. Gari lilishuka meli kutoka Japani likiwa na rangi yake ya asili, likagongwa ubavuni Ubungo, fenda ikanyooshwa na kupulizwa upya, kisha mwenye gari wa pili akalirudia bampa la nyuma. Ukilitazama kwa mbali ni gari moja la rangi moja. Ukilijua kwa karibu, paa lina rangi iliyookwa Nagoya, fenda ina rangi ya kopo iliyokaukia chini ya mwembe, na mlango una rangi ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha. Ngozi tatu juu ya mwili mmoja, na kila moja ina udhaifu wake. Rangi yenye hadina, ikishakomaa, hufungamana kikemia, na thina haiiyeyushi tena. Itailegeza kidogo tu ikiachwa ikae. Rangi ya NC, yaani ya nitroselulosi, ile ya kopo ya bei nafuu inayokauka upesi, haifungamani kamwe. Leo, mwakani, miaka kumi ijayo, thina itaiyeyusha vilevile kama siku ilipotoka kwenye kopo. Kwa hiyo mtu anaweza kusafisha paa kwa thina, akaona linatakata, akafurahi, akateremka kwenye fenda na tambara lilelile na kuifikia praima kwa mipapaso michache.

Yuko fundi mmoja Ilala ninayependa kumtazama akifanya kazi, kwa sababu haanzi kwa mkono wenye dawa. Gari likiletwa, huuliza maswali kwanza. Siku moja dada mmoja alikuja amechanganyikiwa, gari lake limelala kando ya ukuta uliokuwa ukipulizwa.

"Fundi, naomba unitolee hii haraka, naenda harusini."

"Pole dada. Rangi gani ilikuwa inapulizwa, ya maji au ya mafuta?"

"Mimi nitajuaje?"

"Basi rudi ukawaulize, tafadhali, waangalie kopo. Mimi nakuoshea gari hapa."

Swali hilo ni nusu ya tiba. Rangi ya maji ya ukutani, kama bado ni ya saa chache, hutoka kwa maji mengi na shampuu ya gari, bila nguvu yoyote. Ikishakauka, maji hayaiwezi tena, lakini spiriti iliyopunguzwa kwa maji huilainisha. Rangi ya mafuta, ya mageti na mabati, hulegea kwa tapentaini ikiwa haijakomaa sana. Rangi ya gari yenye hadina, au rangi ya epoksi ya viwandani, ikishakomaa haina dawa ya kuiyeyusha ambayo haitaidhuru rangi iliyo chini yake. Hiyo lazima iondolewe kwa kunyanyuliwa, si kwa kuyeyushwa.

Kuosha nako kuna utaratibu. Gari liwe kivulini, bati limepoa. Mchanga na vumbi viondoke kwanza kwa maji ya kutiririka, ndipo sponji iguse. Ndoo ziwe mbili: moja ya shampuu, nyingine ya kusuuzia sponji, ili mchanga uliokwisha kutolewa usirudishwe kwenye boneti. Sabuni ya unga ya kufulia inakata mafuta vizuri, lakini inaondoa pia nta yote inayolikinga gari, na punje zisizoyeyuka huchora.

Gari likishakauka, fundi yule huchukua karatasi laini ya nailoni iliyofungia mkate, akaingiza vidole ndani na kuupapasa mlango taratibu. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara Juni 2019, ila vifungashio vya mkate bado vipo, na kwa kazi hii vinatosha. Nailoni huondoa msuguano wa ngozi, na kila punje ambayo kidole kitupu hakikuihisi husikika wazi. Kwa njia hiyo anapata ramani: hapa pamejaa, hapa pachache, huku chini hapakufikiwa. Hasafishi mahali ambapo hapana kitu. Jambo hili dogo ndilo linalonifanya nimheshimu. Watu wengi wanasugua gari zima kwa sababu kona moja imechafuka.

Kisha anafungua kifuniko cha tundu la mafuta, anatia tone la thina kwenye kitambaa cheupe na kugusa mahali pasipoonekana. Kitambaa kikibaki cheupe, rangi ya hapo imekomaa. Kikichukua rangi, thina inarudi kwenye chupa na haitajwi tena. Lakini tundu la mafuta linasema habari za ubavu wake tu. Fenda iliyorudiwa lazima ijaribiwe kivyake, upande wa ndani wa ukingo wake.

Chombo chake kikuu ni klei, kidonge laini kinachofanana na ule udongo wa watoto wa kufinyanga. Nacho kilitoka Japani kama magari yenyewe. Katika miaka ya 1990 Mjapani Tadao Kadate alipata hataza nchini Marekani kwa ajili ya jiwe la kusagia ambalo ni laini na linapindika, na jina hilo linaeleza kanuni yote. Ndani ya ule ulaini mna unga mwepesi wa kusaga. Kidonge kinateleza juu ya rangi iliyo bapa bila kuikwangua, lakini kikikutana na punje iliyojitokeza, kinaikata kwenye shina na kuibeba. Kinaondoa kilichozidi juu ya uso na kuuacha uso.

Kwa sharti moja: lazima kiteleze. Maji yenye shampuu kidogo yanapulizwa kwenye eneo dogo, kama nusu mita kwa nusu mita, klei inabanwa kuwa bapa ya ukubwa wa kiganja na kupitishwa kwa mistari iliyonyooka, kwa uzito wa vidole tu. Mwanzoni inasikika ikikwaruza na kusita. Pita kwa pita sauti inapungua, mpaka klei inateleza kimya, na kimya hicho ndicho kipimo cha kazi kwisha mahali hapo. Anayekandamiza ili amalize upesi anaziburuza punje zilezile alizozing'oa na kuzitumia kama msasa. Klei inakunjwa mara kwa mara, upande uliochafuka uingie ndani na upande safi utoke. Ikianguka chini inatupwa. Hakuna kuiokota na kuisuuza, hata kama ni mpya na ilinunuliwa kwa bei ya kuuma, kwa maana chembe ya mchanga iliyozama ndani yake haitoki.

Sehemu nyingine za gari zina masharti yake. Kioo ni kigumu kuliko rangi, na wembe mpya ulioshikwa kwa ulalo mdogo juu ya maji ya sabuni hukisafisha vizuri. Taa za mbele za magari ya siku hizi si kioo bali ni plastiki, na thina huzitia nyufa ndogondogo na ukungu usiotoka. Hizo ni za klei na uvumilivu. Plastiki nyeusi yenye vipele, ile ya chini ya bampa, haipelekewi klei kwa sababu inanasa kwenye vipele. Raba za milango zisiguswe na tapentaini wala thina.

Yapo matone ambayo klei haiyawezi: makubwa, yaliyofika yakiwa mabichi, yakatandaa na kukomaa. Hapo ndipo kompaundi na mashine ya polishi huingia, na wakati mwingine msasa wa maji namba 2000 au laini zaidi ya hapo. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye kifaa cha kupimia unene wa rangi na mwenye kujua kukitumia, kwa sababu kutoka hapo kila kinachofanyika kinakula klia. Maoni yangu ni kwamba matone machache yaliyobaki karibu na kizingiti cha mlango ni afadhali kuliko klia iliyotobolewa ili yaondoke. Klia iliyoisha hairudishwi kwa polishi. Hupulizwa upya, na ukungu huanza safari nyingine juu ya magari mengine.

Baada ya yote, bati linabaki tupu bila kinga, kwa kuwa klei imeondoa na nta iliyokuwepo. Nta mpya ipakwe siku hiyohiyo. Gari lenye nta nzuri, likipata ukungu tena, huusukumia mbali kwa urahisi zaidi, kwani punje hushika nta kabla ya kuishika klia.

Ningeweza kuishia hapo kama gari lingekuwa ndilo pekee lililosimama njiani mwa ukungu. Lakini aliye karibu kuliko wote na mdomo wa bunduki ni fundi. Gari la jirani linapata kilichobaki baada ya yeye kuvuta chake. Hadina ya rangi za magari ina kemikali za jamii ya isosianeti, na nchini Uingereza, ambako magonjwa ya kazini hufuatiliwa kwa makini, hizo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu inayotokana na kazi. Ubaya wake ni kwamba mwili ukishazikataa mara moja, kiasi kidogo sana kinatosha baadaye kubana kifua, na kijana aliyejifunza kazi kwa miaka inabidi aiache. Ukungu wake mwembamba hauonekani kwa macho. Hewa inaweza kuonekana safi ilhali bado imeubeba. Fulana iliyofungwa puani haizuii kitu. Barakoa ya kitambaa haizuii. Kinachotakiwa ni kofia au barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, kutoka mahali ambapo rangi haifiki.

Kwa gari kuna klei. Kwa pafu hakuna.

Nikiona boneti yenye wingu la kijivu, siku hizi swali langu la kwanza ni nani alikuwa ameshika bunduki na alivaa nini. Tunagombana juu ya boneti, tena kwa sauti kubwa, mpaka kwa mjumbe wa mtaa, kwa sababu boneti ina mwenyewe na thamani yake inahesabika. Kifua cha kijana wa miaka 19 aliyeajiriwa kwa posho ya siku hakimleti mtu kwa mjumbe. Rangi ni ileile, siku ni ileile, upepo ni uleule. Sioni kwa nini hasara moja iwe kesi na nyingine iwe bahati mbaya.

Tena zote mbili zinapunguzwa kwa mambo yaleyale. Kupuliza alfajiri kabla upepo wa bahari haujaamka. Kuzungushia turubai pande zote, si juu tu. Kufunika magari ya karibu kwa nailoni, na vioo vyake kwa magazeti. Kupunguza mgandamizo wa kompresa mpaka kiwango bunduki inachohitaji, badala ya kuuachia wote kwa kudhani nguvu nyingi ni kazi nzuri; mgandamizo ukizidi, matone huwa madogo mno na huelea zaidi. Brashi na rola nazo bado zipo, na kwa geti la nyumbani zinatosha kabisa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama wiki hii unapuliza ukuta au geti, gonga mlango wa jirani leo umwombe ahamishe gari. Kama gari lako limeshaguswa, liulize kwa kiganja kabla hujalimwagia thina, na umwendee aliyepuliza kwa swali la kopo kabla ya swali la fidia. Na wewe mwenye gereji, mnunulie kijana wako barakoa yenye bomba la hewa kabla hujafungua kopo lingine la hadina.